Kwa nini komedi za kawaida tu huongezewa misimu, na zile kali hukatwa?

Mzee wa Rimoti

Wakuu, wenye ujuzi wa biashara ya televisheni ya Marekani naomba mnisaidie hapa. According to Jim ilikaa kituo cha ABC kuanzia 2001 hadi 2009: misimu 8, epsodi 182, na wahakiki waliiponda karibu muda wote huo. Rules of Engagement ya CBS ikafika epsodi 100, na ukimwomba mtu akutajie mzaha mmoja wa humo atakuna kichwa mpaka kuche. Upande wa pili, Arrested Development ilichukua tuzo ya Emmy ya komedi bora mwaka 2004, na 2006 Fox wakaizima ikiwa na epsodi 53.

Naomba kujua mambo mawili. Kwanza, anayeamua anaangalia nini hasa? Pili, kuna watu wanaozicheka hizo ninazoziita za kawaida, na wanacheka kwa dhati. Wao wanaona nini ambacho wengine hatukioni?

---

Karani wa Hesabu

Mkuu, anza na nani anamlipa nani, mengine yatafuata yenyewe.

Studio ndiyo inayotengeneza kipindi. Kituo kikuu, kama ABC au CBS, kinailipa studio ada ya kurusha kila epsodi, na kwa desturi ada hiyo haifikii gharama ya kuitengeneza. Kwa hiyo misimu ya kwanza studio inakula hasara, tena kwa kujua. Inachosubiri ni soko la marudio: kuviuzia vituo vya miji mbalimbali na vya kebo haki ya kurusha kipindi hicho kila siku, Jumatatu hadi Ijumaa. Malipo huja kwa fedha taslimu, au kwa studio kupewa sehemu ya dakika za matangazo ya kipindi ikaziuze yenyewe, au yote mawili.

Sasa piga hesabu ya mwenye kituo kidogo. Anarusha epsodi 5 kwa wiki. Ukimletea epsodi 44, wiki ya tisa haijaisha ameshaanza upya, na watazamaji wameshamkimbia. Ukimletea 100, ana wiki 20 bila kurudia. Ndiyo maana 100 ikawa namba ya kufukuziwa. Baadaye soko likalegea likakubali 88, yaani misimu minne ya epsodi 22.

Kipindi kikimaliza msimu wa tatu kina epsodi 66. Kukikata hapo ni kutupa hasara yote iliyokwisha kuliwa, na kilichobaki ni 22 tu. Studio inakwenda kwa kituo na kusema: chukueni msimu mwingine, tutawapunguzia ada. Kituo kinapata kipindi cha bei chee cha kujazia Ijumaa usiku, studio inapata mzigo wa kupeleka sokoni. Ndivyo 'Til Death ilivyoongezewa maisha: studio yake, Sony, iliishushia Fox bei, nayo ikafika epsodi 81 ikiwa na watazamaji wa kuhesabika. Waandishi walijua hakuna anayewaangalia, wakafika mahali pa kumfanya mhusika mmoja aamini kwamba anaishi ndani ya komedi ya televisheni. Kusema kweli hapo ndipo ilipoanza kuchekesha.

Jambo la pili ni umiliki. Mwaka 1970 serikali ya Marekani iliweka kanuni za kuzuia vituo vikuu visimiliki sehemu kubwa ya vipindi vya jioni wanavyorusha wala kufaidi marudio yake. Kanuni hizo zilianza kulegezwa 1993 na kufikia 1995 zilikuwa zimekufa. Tangu hapo kituo na studio mara nyingi ni mtu na ndugu yake. According to Jim ilitengenezwa na Touchstone, studio ya Disney, na Disney ndiyo mwenye ABC. Kila msimu ulioongezwa ulikuwa unajaza ghala la nyumba hiyohiyo.

Ukitaka kuuona umiliki ukifanya kazi waziwazi, tazama vipindi viwili. Last Man Standing ilikatwa na ABC mwaka 2017 baada ya misimu 6. Ilikuwa mali ya studio ya Fox, na 2018 ikahamia kituo cha Fox. Brooklyn Nine-Nine ilikatwa na Fox Mei 2018. Ilikuwa mali ya Universal, na siku iliyofuata NBC, ambao ni ndugu wa Universal, wakaichukua. Kila mtoto alirudi kwa mama yake.

---

Mzee wa Rimoti

Nimekuelewa, Karani, ila hapo kwenye umiliki bado pananikwaza. Arrested Development nayo ilitengenezwa na 20th Century Fox Television, ikarushwa na Fox. Mama hakuwa mbali. Mbona hakumpokea?

---

Karani wa Hesabu

Swali zuri. Umiliki unasaidia kipindi kilicho mpakani, haumfufui marehemu. Watazamaji wake walikuwa wachache mno. Msimu wa tatu ulipunguzwa kutoka epsodi 22 hadi 13, na 53 ni mbali sana na 88.

Kuna kasoro nyingine ambayo wapenzi wake huiita sifa: mizaha yake inajengana. Mzaha unapandwa epsodi ya 5 na kuvunwa epsodi ya 18. Kwenye marudio, mtu anafungua televisheni saa moja jioni siku yoyote anayojisikia. Akikuta mzaha unaodai awe ameona epsodi kumi za nyuma, anahama. According to Jim ukiikuta katikati, baada ya dakika moja umeshajua kila kitu: mume kafanya upuuzi, mke atagundua, wataelewana kabla ya tangazo la mwisho. Kwa muuza marudio hiyo ni bidhaa isiyooza. Netflix walipoifufua Arrested Development mwaka 2013, walikuwa na njia tofauti: mtazamaji anaanza epsodi ya kwanza na kwenda kwa mfuatano.

---

Antena ya Bati

Karani kaeleza upande wa studio vizuri, ila kaupitia kwa haraka upande wa kituo. Naongezea hapo, maana watu wengi hudanganyika na orodha za "vipindi vinavyotazamwa zaidi".

Watangazaji wa biashara hawanunui jumla ya watazamaji. Kwa miaka mingi walichonunua ni watu wa umri wa miaka 18 hadi 49. Pointi moja ya Nielsen, kampuni inayopima watazamaji, kwa kundi hilo ni asilimia moja ya Wamarekani wa umri huo wenye televisheni nyumbani, kama watu milioni 1.3. Kipindi kinaweza kuwa na watazamaji milioni 9, wengi wao wazee, kikauza tangazo kwa bei ya chini kuliko kipindi cha milioni 5 chenye vijana. Na kuanzia 2007 waliohesabiwa kwa ajili ya malipo ni wale waliokuwepo tangazo lilipopita, moja kwa moja au ndani ya siku tatu za kurekodi. Aliyerusha tangazo mbele kwa rimoti hakuhesabiwa.

Halafu kuna jambo la jirani. Kipindi kikipangwa nyuma ya kipindi kikubwa, kinarithi watazamaji ambao hawajanyanyuka kwenye kochi. Msimu wa 1995–96, The Single Guy ya NBC ilipangwa Alhamisi mara baada ya Friends, na ilishika nafasi ya 6 nchi nzima. Caroline in the City, iliyoanzia kati ya Seinfeld na ER, ilikuwa ya 4. Ukiangalia nafasi hizo peke yake utasema hivi vilikuwa vigogo. Mwaka 1997 The Single Guy ilikatwa.

Mpangaji wa ratiba haangalii nafasi, anaangalia kipindi kimeshika asilimia ngapi ya kile kilichotangulia. Tuseme kilichotangulia kina pointi 8 na wewe una 6: umeshika 75 kwa 100. Ukiwa na 7 baada ya jirani mwenye 14, umeshika nusu, nawe ndiye mbaya zaidi ingawa namba yako ni kubwa. Kipindi chenye pointi 3 kilichowekwa mahali pasipo na jirani wa maana, kikabaki na 3 hata kihamishwe siku, kinapendwa sana na wapangaji. Hiyo ndiyo kazi ya Rules of Engagement kwa CBS. Ilikuwa kama tairi la akiba: kipindi kipya kikifa Novemba, inatolewa buti na kufungwa.

Jambo la mwisho: uamuzi ni kulinganisha na mbadala. Cheers msimu wake wa kwanza, 1982–83, ilikuwa karibu na mkia wa orodha yote. NBC wakati huo walikuwa wa mwisho kati ya vituo vitatu, hawakuwa na cha kuweka mahali pake. Wakaiacha, ikadumu misimu 11. Hapo upungufu wa mbadala uliokoa kipindi bora, na upungufu huohuo huokoa vibovu pia. Kutengeneza epsodi ya majaribio ya kipindi kipya ni mamilioni ya dola, na nyingi kati ya hizo hazirushwi kamwe. Seinfeld yenyewe ilipopimwa kwa watazamaji wa majaribio ilipata matokeo mabaya, na NBC wakaagiza epsodi nne tu za kuanzia.

---

Fundi Skripti

Mimi nijibu la pili, la nani anacheka nini, lakini kwa kupitia jikoni, kwa sababu ladha ya komedi hizi inatokana na jinsi zinavyopikwa.

Komedi ya kamera nyingi (mfumo ulioenezwa na I Love Lucy mwaka 1951, kamera tatu za filamu mbele ya hadhira) hutengenezwa kwa wiki moja. Siku ya kwanza waigizaji wanasoma skripti mezani. Ya pili na ya tatu wanafanya mazoezi jukwaani, kwanza mbele ya waandishi, kisha mbele ya watu wa studio na kituo, na kila jioni mistari iliyokufa inaandikwa upya. Ya nne kamera nne zinapangiwa nafasi zake. Ya tano inarekodiwa usiku mbele ya watu kama mia mbili, na kuna mchekeshaji wa kuwapasha moto wasipoe kati ya onyesho na onyesho. Skripti huwa na kurasa 45 hadi 50 zenye nafasi pana, ukurasa ni kama nusu dakika, na epsodi ikikatwa inabaki dakika 21 au 22. Kila ukurasa unatakiwa utoe vicheko viwili au vitatu.

Sasa angalia mahali panapoharibika. Mzaha mzuri wa Jumatatu, waandishi wameusikia mara nne kufikia Alhamisi. Hawaucheki tena. Mtu anarusha mzaha mpya usiku wa manane, wote wanaangua kicheko kwa sababu tu ni mpya, na ule wa kwanza unatolewa. Ukirudia hivyo mara kumi katika wiki, skripti imejaa mizaha ya kelele iliyofaulu mtihani mmoja: kuwachekesha watu waliochoka. Ongeza maelekezo ya kituo, ambayo karibu kila mara yanadai jambo lielezwe waziwazi zaidi, na hapo una komedi ya kawaida iliyotengenezwa na watu wenye akili nyingi.

Kingine ni pumziko. Mbele ya hadhira mwigizaji anasubiri kicheko kipungue ndipo aseme mstari unaofuata. Mtazamaji aliyecheka nyumbani haoni pumziko hilo, kwake mwendo ni sawasawa. Asiyecheka anaona watu wamesimama wakitazamana kama wanasubiri basi. Kipindi kilekile, watu wawili, na kwa mmoja wao kina mashimo kila sekunde kumi na tano. Kwa hiyo anayesema "ni cha polepole na cha kijinga" na anayesema "kinakwenda vizuri" wote wanasema kweli.

Komedi ya kamera moja haina hadhira wala pumziko. Mzaha unaweza kuwa kwenye sura ya mtu aliye nyuma, au kwenye mkato wa picha. Inalipa ukikaza macho. Ukiwa unakuna nazi huku unatazama, imekupita.

---

Bibi Mcheshi

Fundi, hapo kwenye kicheko kuna la kuongeza. Wengi husema kicheko cha mashine ndicho kinachowaudhi, kile alichokivumbua fundi wa CBS, Charley Douglass, miaka ya 1950. M*A*S*H, komedi ya hospitali ya jeshi vitani, ilirushwa Marekani kikiwamo, isipokuwa kwenye maonyesho ya chumba cha upasuaji. BBC walipoirusha Uingereza walikiondoa. Wamarekani waliona kichekesho cha vita, Waingereza wakaona tamthilia yenye uchungu na utani ndani yake, na hakuna neno lililobadilishwa. Mtafiti Robert Provine alionyesha kwamba mtu huwa na uwezekano wa kucheka mara 30 zaidi akiwa na wenzake kuliko akiwa peke yake. Kicheko kile kilikuwa cha kumpa mtu wenzake.

Ila kuhusu kwa nini wewe unacheka na jirani yako ananuna, sisi tuna somo la zamani kuliko televisheni: utani. Mzaramo na Mnyamwezi wanaweza kutukanana msibani, mtani akamkejeli hata marehemu aliyelala pale, na watu wakacheka machozi yakiwatoka. Maneno hayohayo akiyasema mpita njia ni ugomvi. Wanasaikolojia Peter McGraw na Caleb Warren waliandika mwaka 2010 kwamba kichekesho huzaliwa pale jambo linapovunja mwiko na papo hapo likaonekana halina madhara. Mtani ndiye anayeondoa madhara. Komedi nayo inamwomba mtazamaji awe mtani wake kwanza. Ukikataa undugu huo, unabaki na mwiko uliovunjwa tu, au usipouona hata mwiko, unabaki na watu wanaopiga kelele.

Chukueni Mzee Ojwang wa Vitimbi ya KBC. Sehemu kubwa ya kichekesho ilikuwa kwenye lafudhi ya Kijaluo, na mwigizaji wake, Benson Wanjau, hakuwa Mjaluo, alikuwa Mkikuyu. Mkenya anasikia tabaka zote hizo kwa mara moja. Mtu wa Tanga anasikia Kiswahili kilichovunjika, basi. Kwa upande mwingine Mkenya akitazama Ze Comedy ikiiga namna viongozi wa Tanzania wanavyozungumza, anauliza wanacheka nini. Mr. Bean ina epsodi 15 tu, na imechekwa kila kona ya dunia kwa kuwa karibu haina maneno.

---

Antena ya Bati

Dada, umenikumbusha Mind Your Language, ile komedi ya darasa la wageni wanaojifunza Kiingereza. Hiyo ni kinyume cha swali la mwanzisha uzi: ilikuwa na watazamaji wengi sana Uingereza, na ikakatwa mwaka 1979 kwa uamuzi wa Michael Grade wa LWT, kituo kilichoirusha, aliyeona inawadhalilisha wageni kwa kuwachora kwa vibandiko vya mataifa yao. Wakati huohuo ilinunuliwa na nchi ambazo wahusika wale walitoka, na Kenya pia ilionyeshwa na kupendwa.

---

Bibi Mcheshi

Ndiyo, kaka. Na Mrs. Brown's Boys, komedi ya BBC, imepita njia ya upande wa pili. Wahakiki wa London waliichinja tangu 2011, lakini mwaka 2012 ilichukua tuzo ya BAFTA ya komedi, na Desemba 2013 epsodi yake ndiyo iliyoongoza kwa watazamaji siku ya Krismasi. BBC hawauzi matangazo. Wanalipwa kwa ada ya kila nyumba yenye televisheni. Mtu wa mji mdogo anayelipa ada hiyo na hacheki na komedi za wasomi ana haki ya kuuliza chake kiko wapi. Kila Krismasi anajibiwa.

---

Sebule ya Umma

Naona mnalichukulia neno "kawaida" kama tusi. Paul Klein, aliyekuwa mtafiti wa watazamaji wa NBC, alieleza mwaka 1971 kwamba watu huamua kwanza kutazama televisheni, kisha huchagua kipindi kinachowaudhi kidogo kuliko vingine. Televisheni ilikuwa moja, sebuleni yumo bibi, baba, kijana wa miaka 15 na mtoto wa miaka 6. Komedi inayomchekesha kijana sana itamfanya bibi aombe rimoti. Kuandika kitu ambacho hakuna hata mmoja kati ya wanne hao atakayekikataa, mara 22 kwa mwaka, si kazi ya mtu asiyejua kazi.

---

Mzee wa Rimoti

Nakubali, Sebule, ingawa kutokukataliwa na kupendwa ni vitu viwili. Basi niambieni: mtu anayetaka kukisia kama kipindi kitaongezewa msimu, aanzie wapi? Na huku kwenye Netflix hesabu ni zilezile?

---

Karani wa Hesabu

Netflix hesabu zimegeuka. Kwa kawaida wanailipa studio gharama yote pamoja na faida juu, na kipindi wanachokimiliki hakiendi kwenye soko la marudio. Hakuna mlima wa epsodi 88 wa kuufukuzia. Wakati huohuo mishahara ya waigizaji inapanda kila msimu, na msimu wa nne huvuta wateja wapya wachache kuliko wa kwanza. Ndiyo sababu vingi hukatwa baada ya misimu miwili au mitatu, vizuri kwa vibaya.

Kwa vituo vya kawaida, anza kwa kuhesabu epsodi. Chini ya 44, kipindi kinajitegemea kwa namba zake. Kati ya 60 na 88, tegemea kuongezewa hata kama namba ni mbovu, mradi studio ipo tayari kushusha bei. Ukivuka 100 upepo unageuka: marudio yameshauzwa, mikataba ya waigizaji iliyosainiwa mwanzoni, ambayo huwa ya miaka sita au saba, inakwisha, na wanarudi mezani wakiwa na nguvu. Wale sita wa Friends walimaliza misimu miwili ya mwisho kwa dola milioni moja kila mmoja kwa kila epsodi. Kipindi cha wastani hakiwezi kubeba hata robo ya hiyo, kwa hiyo hufa hapo. Baada ya kuhesabu, tazama jina la studio mwishoni mwa epsodi na uulize ni ndugu wa kituo au mgeni. Kisha tazama asilimia ya jirani kama alivyoeleza Antena. Uamuzi wenyewe hutoka Mei, kabla vituo havijawaonyesha watangazaji ratiba ya msimu mpya.

Jaribu njia hii kwa ile Rules of Engagement uliyoanza nayo. Mei 2012 ilikuwa imefikisha epsodi 87, na watu walikuwa wameshaiandikia tanzia. CBS wakaagiza msimu wa saba wa epsodi 13, na baada ya hapo hawakuagiza nyingine.